Paka Wangu Aling'olewa Meno 14, na Tafadhali Wako Usimpe Panadol

Juzi usiku nishazima taa, ujumbe ukaingia. Dada mmoja wa Kisauni: paka wake kang'olewa magego mawili asubuhi, sasa kajikunyata chini ya kitanda, udenda unamtoka una wekundu kidogo, je, ampe robo ya Panadol? Nilimjibu kwa herufi kubwa, USIMPE, na usingizi wangu ukaishia hapo.

Nina sababu. Kabla ya Kahawa, paka wangu wa sasa, nilikuwa na paka akiitwa Tende. Alivimba shavu kwa jino bovu, nami kwa ule ujuzi wetu wa kujitibu nikaponda robo kidonge cha Panadol nikamtilia kwenye maziwa. Asubuhi fizi zilikuwa za rangi ya udongo, uso umevimba, anahema mdomo wazi. Tulifika kwa daktari saa nne. Saa sita alikuwa ameshakufa mapajani mwangu. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli, dawa iliyomo ndani ya Panadol, kama letu, na inayobaki huiharibu damu hata isiweze kubeba hewa. Hayo nilielezwa nikiwa nimeshachelewa. Mamangu nilimwambia aligongwa na tuktuk. Akisoma hapa, shikamoo mama, nisamehe.

Basi Kahawa alipoanza mwaka jana kukimbia sahani yake, anaisogelea, ananusa, anapiga kelele kama aliyeungua, sikugusa kabati la dawa. Mdomo ulinuka chumba kizima. Daktari akamfunua, fizi nyekundu kama nyama ya buchani mpaka kooni. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili wa paka inapigana na kinywa chake mwenyewe, akasema, na mara nyingi dawa peke yake haitoshi, meno ya nyuma lazima yatoke. Paka mzima ana meno 30. Kahawa alirudi na 16: zile chonge nne na vijino vya mbele.

Kibokoni nzima, mtaa wetu, ilinicheka. "Paka yuwang'olewa meno? Haya, makubwa!" Jirani yangu wa ghorofa ya chini aliuliza kama pesa zaniwasha. Sitaji nililipa kiasi gani, ila ile Idi sikushona nguo. Naambiwa paka wa Mji wa Kale wamejaa barazani, okota mwingine. Watu haohao ndio huhadithia watoto habari za Abu Huraira, yule sahaba wa Mtume, na paka wake. Wacha niendelee.

Tulirudi kwa tuktuk kupitia daraja la Nyali, yeye ndani ya kikapu, kichwa kinayumba kwa dawa ya usingizi. Na hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza: nikamweka kitandani. Akajaribu kushuka, miguu ikamkataa, akaanguka kidevu chini, na kinywa kina nyuzi! Nilishikwa na mwili kutetemeka. Kwa hiyo mtu akirudi na mnyama, amweke chini, sakafuni, juu ya kanga kavu, mbali na ngazi. Ngazi za nyumba zetu hata mimi nisiye na ganzi hunishinda. Feni pia izimwe. Anayetoka usingizi wa dawa hupoteza joto hata Mombasa hii ya jasho.

Udenda wenye damu kidogo siku ya kwanza na ya pili haunitishi tena. Damu mbichi inayodondoka, hiyo ni ya kupiga simu.

Chakula ndicho kilichonitoa machozi. Siku ya kwanza hakula, nikajiambia amechoka. Siku ya pili nikachemsha samaki changu, nikatoa miiba yote kwa vidole, nikamponda awe uji, vuguvugu, ili harufu imfikie. Jirani yuleyule aliyenicheka akaleta bakuli la mchuzi wa samaki, moyo wake umelainika, na ilinibidi niukatae kwa adabu: kitunguu, thomu na chumvi si vya paka, na kitunguu nacho huiharibu damu yake. Alikasirika wiki nzima. Jioni ile Kahawa akalamba mara tatu. Mara tatu tu, nami nilimshukuru Mungu kama niliyeteremshiwa riziki ya mwaka. Paka hafungi kama mbwa. Akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta huanza kujaa kwenye ini. Usingoje kama nilivyongoja.

Dawa yake ya maumivu ilikuwa ya maji, kwa bomba dogo, imepimwa kwa uzito wake wa kilo 3 na nusu, mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Niliingiza bomba pembeni mwa shavu, si katikati akapaliwa. Siku ya nne alionekana mzima, nikashawishika kuacha. Sikuacha. Paka huficha maumivu, jamani! Amenyamaza haina maana amepona. Tende naye alikuwa amenyamaza.

Ile kola ya plastiki aliichukia, akawa anagonga milango kama mlevi, lakini bila hiyo angejikuna hadi nyuzi zitoke. Kwa wiki mbili hakuna kidagaa kikavu, hakuna kuchezea kamba, hakuna kutoka kupanda mabati. Nyuzi ziliyeyuka zenyewe, tulirudi kwa daktari kukaguliwa, akasema fizi zimefunga.

Sasa anakula samaki kuliko alipokuwa na meno yote, na majuzi kaiba pweza wa jirani. Ndiyo, yule yule. Tumesameheana.

Dada wa Kisauni, daktari aliyemng'oa ndiye wa kumuuliza dawa ya maumivu, mpigie hata kama ni usiku. Na ukiniandikia tena nitajie jina la paka, hukulisema.