Re: Mteja aliongeza kazi kwa mdomo, sasa hataki kuilipia

Habari ndugu. Nikikuelewa, mkataba wa mwanzo uliandikwa, mteja akaomba nyongeza kwa mdomo kazi ikiendelea, na sasa anataka kulipa bei ya awali tu.

Kwanza tafuta kwenye mkataba kipengele kinachotaka mabadiliko yote yawe ya maandishi. Kama hakipo, makubaliano ya mdomo kwa kawaida yanahesabika. Kazi ni kuyathibitisha. Kama kipo, mwone wakili mapema, usibishane kwenye simu.

Ushahidi huwa mwingi kuliko mtu anavyodhani: jumbe, risiti za vifaa ulivyonunua baada ya maongezi yale, picha zenye tarehe, fundi aliyekuwepo. Mimi kwa mteja wa namna hiyo kiliniokoa kijiujumbe chake mwenyewe: "Ile ya ziada inaisha lini?" Hakuweza tena kusema hakuiagiza.

Halafu mwandikie, bila ukali: tulikubaliana hivi, tarehe hii, bei hii, nikamaliza. Ankara itenganishe kazi ya awali na nyongeza, ili isiyo na ubishi ilipwe sasa. Akituma pesa na kuziita "malipo ya mwisho", usizipokee kimya kimya. Mjibu kwa maandishi kwamba nyongeza bado unaidai.