Jina unaloliona kwenye tawi la Git sio mwenye tawi

SWALI: Mkuu habari. Ripo yetu ya Git (programu inayotunza historia ya kodi) ina matawi zaidi ya 40 kule kwenye seva, mengine ya tangu 2022, na bosi anataka orodha ya nani kafanya kazi kwenye tawi gani kabla hatujayafuta. Nilipata amri ya for-each-ref (inayoorodhesha matawi) nikaiendesha, tawi la malipo likaleta jina la dada mmoja wa timu yetu, ila yeye anasema hajawahi kuandika hata mstari mmoja huko. Nani mkweli, Git au yeye?

JIBU: Wote wakweli ndugu yangu, na hiyo orodha usiipeleke kwa bosi bado.

Tawi halina mwenyewe. Hili nalirudia kila siku na bado watu wanarushiana kwenye magrupu "amri moja inayotaja mwenye tawi", haipo. Tawi ni jina tu linaloelekeza kwenye komiti moja (badiliko lililohifadhiwa pamoja na jina la mwandishi), ndani yake kuna ile namba ndefu ya herufi 40 basi, aliyeliunda hakuandikwa popote na siku lilipoundwa haikuandikwa. Amri yako imekuletea mwandishi wa komiti ya mwisho, na komiti ya mwisho mara nyingi ni mtu kaingiza main (tawi kuu) ndani ya tawi ili lisiachwe nyuma, kabofya kitufe kimoja akaondoka. Piga git log -1 origin/malipo, ukiona mstari wa Merge wenye namba mbili ujue dada anasema kweli.

Sasa anza na git fetch --prune, mana hizo origin (nakala za matawi ya seva) zilizo kwenye mashine yako ni za siku ulipovuta mara ya mwisho, alafu:

git shortlog -sne --no-merges origin/main..origin/malipo

Hapo unapata kila aliyeandika komiti ambazo zipo kwenye tawi na hazipo main, na idadi yake. Ikirudi tupu maana yake kazi yote ilishaingia main, kwa hiyo itafute ile komiti ya muungano (Merge) iliyoliingiza tawi main na uhesabu kuanzia mzazi wake wa kwanza hadi wa pili (namba^1..namba^2). Mtu mmoja akitokea mara mbili kwa imeili mbili, faili la .mailmap linamaliza hilo.

Ila kinachoniumiza zaidi ni hiki, watu wanalichukua hilo jina kama sahihi ya mahakamani. Jina na imeili kwenye komiti anaviandika mtu mwenyewe kwa git config, anaweza kuandika chochote, hata jina lako wewe, na Git itakubali bila kuuliza. Nimeshuhudia kijana anapewa barua ya kujieleza kwa komiti iliyofuta faili la mipangilio, kumbe kompyuta ya ofisi walikuwa wanachangia watu watatu na jina lake lilibaki humo toka mwezi uliopita. Alafu mwandishi na aliyeikomiti ni vitu viwili. Linus Torvalds alipoitengeneza Git mwaka 2005 viraka (mabadiliko ya kodi) vya Linux vilikuwa vinakuja kwa imeili, mmoja kaandika na mwingine ndo anaweka, ndo maana hadi leo mwenzako akifanya rebesi ya kazi yako (kuzihamishia komiti zako juu ya msingi mpya) wewe unabaki mwandishi na yeye anakuwa mkomiti. Na aliyepushi (aliyezipeleka komiti kwenye seva) ni mtu wa tatu kabisa, huyo Git haimwandiki ndani ya komiti, kamtafute kwenye kumbukumbu za GitHub au GitLab mana wao wanajua akaunti ipi iliingia. Anayekwambia tumia reflog (kumbukumbu ya Git ya matawi yalivyosogea) anakupotezea muda, reflog ya mashine yako inajua yaliyofanyika kwenye mashine yako tu, ya wenzako haijui.

Bosi akitaka jina la kumwajibisha mtu, hiyo historia ya zamani haitoshi, mwambie wazi. Cha kufanya kuanzia sasa ni kila mmoja asaini komiti zake, toka toleo la 2.34 la mwaka 2021 funguo ileile ya SSH unayopushia inasaini pia, na seva muiweke ikatae komiti isiyosainiwa kwenye main. Na huyo dada kama mlishamsema mbele ya timu, muombeni radhi hukohuko mbele ya timu.