Maswali na majibu: Rejeta ya alumini na bloku za shaba kwenye mzunguko mmoja

SWALI

Habari za kazi, fundi. Naunda kompyuta yangu ya kwanza ya michezo ya kupoozwa kwa maji, mzunguko wa kujipangia mwenyewe, si ule unaokuja umefungwa kutoka kiwandani. Tayari nina bloku (kile kipande cha metali kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji) ya prosesa na ya kadi ya grafiki, zote za shaba iliyopakwa nikeli, pampu ya aina ya D5, tangi, na rejeta mbili za feni tatu tatu. Rejeta moja ni ya shaba. Nyingine ni ya alumini, kwa sababu ilikuwa nafuu na nyepesi. Muuzaji ameniambia haina shida, mradi niweke dawa ya kuzuia kutu. Naomba kujua: maji yaanzie kwenye prosesa au kwenye kadi? Je, niweke rejeta moja katikati yao ili maji yasifike kwenye kadi yakiwa ya moto? Na ni kweli maji yaliyotoneshwa hayapitishi umeme, kwa hiyo hata yakivuja hakuna hasara?

JIBU

Nzuri, ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu, lakini lile lililonishtua umelitaja kwa kupita tu: hiyo rejeta ya alumini. Nitalimaliza suala la mpangilio upesi, halafu tutulie kwenye alumini, maana hiyo ndiyo inayonijazia meza mashine zilizokufa mapema.

Mpangilio hauna uzito ambao watu wanaupa. Tuseme maji yanazunguka lita 4 kwa dakika. Kilo moja ya maji inahitaji takribani jouli 4,180 ili ipande nyuzi moja, kwa hiyo maji yanayokwenda kwa kasi hiyo yanahitaji kama wati 280 ndipo yapande nyuzi moja ya Selsiasi. Prosesa ikitoa wati 150 itayapandisha nusu nyuzi. Kadi ikitoa wati 350 itayapandisha nyuzi moja na robo hivi. Hayo ndiyo "maji ya moto" unayoyaogopa. Mzunguko ukishatulia, maji yote yana joto linalokaribiana popote utakapoyapima. Basi pitisha mipira ya maji kwa njia fupi na rahisi kuifungua siku ya usafi. Sharti ni moja tu: tangi litangulie pampu na lisikae chini yake, ili pampu isinyonye hewa. D5 inalainishwa na maji hayo hayo inayoyasukuma, na ikizunguka kavu inajila yenyewe.

Sasa rejeta.

Alumini na shaba zikiwa kwenye maji mamoja, umetengeneza betri. Kwenye jedwali la kemia linalopanga metali kwa volti zake, alumini iko kwenye volti hasi 1.66 na shaba iko kwenye chanya 0.34, tofauti ya volti 2. Ndani ya mzunguko halisi tofauti ni ndogo kuliko hiyo, kwa kuwa alumini hujivika ngozi ya oksidi inayoikinga. Lakini mwelekeo haubadiliki: alumini inatoa elektroni, inayeyuka, na kinachobaki kinasafiri na maji hadi kikwame mahali pembamba. Na mahali pembamba kuliko pote ni ndani ya bloku zako, kwenye ile mifereji iliyochongwa kwa upana wa sehemu ndogo tu ya milimita.

Mwaka fulani niliwahi kuletewa kompyuta ambayo prosesa yake ilikuwa inagonga nyuzi 95 dakika chache tu baada ya mchezo kuanza. Pampu inazunguka, feni zinazunguka, tangi limejaa. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha pesti ya prosesa, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na bloku ili kupitisha joto, mara tatu kwa ushauri wa watu, kila mmoja akimwambia aliyotumia ni hafifu. Nilifungua skrubu za bloku na kuinua kifuniko. Mifereji haikuonekana. Juu yake kulikuwa na ute mweupe, mzito, unaonata kidoleni kama gundi inayoanza kukauka. Nilipokwangua kwa mswaki laini, shaba ilitokea chini yake ikiwa nzima, haina hata alama. Aliyekuwa anakufa ni rejeta. Nilimulika tochi kwenye tundu lake nikaona vishimo vidogo vidogo, kimoja kimekwenda ndani sana. Mzunguko ule haukuwa umetimiza mwaka, na ungemwagia maji kadi yake ndani ya miezi michache. Hakuna pesti duniani ingeweza kuponya ugonjwa ule.

Kila ninapolieleza jambo hili napewa utetezi wa aina tatu, na naomba niujibu wote kwa sababu muuzaji wako atautumia.

Wa kwanza: "Lakini rejeta na bloku havigusani." Vinagusana. Rejeta imekazwa kwa skrubu kwenye kasha la chuma, ubao mama nao umekazwa kwenye kasha hilo hilo, na bloku ya kadi ipo kwenye kadi iliyoshikwa na kasha lile lile. Na hata ukitenganisha kila kitu kwa plastiki, shaba huachia ioni chache, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, kwenye maji. Ioni hizo zikifika kwenye alumini zinaganda juu yake kama madoa madogo ya shaba, na kila doa linakuwa betri yake pale pale lilipotua. Ndiyo maana alumini hutobolewa kwa vishimo badala ya kuisha sawasawa. Kishimo kimoja kinatosha kuvujisha rejeta ambayo sehemu yake nyingine yote ni nzima.

Wa pili: "Bloku zangu zimepakwa nikeli." Nikeli nayo iko juu ya alumini kwenye jedwali lile lile, kwa hiyo alumini itaendelea kuliwa. Nikeli imewekwa hapo kwa ajili ya sura na kuzuia shaba isififie. Kwa shaba nyekundu na shaba njano ni jirani mwema. Kwa alumini haisaidii kitu.

Wa tatu ndio unaoniudhi zaidi, kwa kuwa una chembe ya ukweli ndani yake: "Mbona zile zilizofungwa kiwandani zina rejeta ya alumini na bati la shaba, na zinadumu miaka?" Ni kweli, nyingi zimetengenezwa hivyo. Lakini kiwanda kilitia kimiminika kilichopimwa kwa ajili ya metali hizo mbili, kikafunga mfumo ili hewa isiingie ovyo, na hakikukusudia mtu aufungue. Hata hivyo nimeshafungua za umri mkubwa nikakuta ute huo huo. Mzunguko wa kujipangia ni kitu kingine kabisa. Utaufungua, utaongeza maji, utabadilisha kadi, utamwaga, utajaza. Kila mara hewa mpya inaingia na dawa inapungua nguvu. Dawa ya kuzuia kutu inafanya kazi kwa kujenga utando juu ya metali, na utando huo unatumika hadi unaisha. Inachelewesha tu. Anayekuuzia alumini na chupa ya dawa kwa pamoja amekuuzia tarehe ya kuharibika, ila hajakuandikia ni lini.

Wengine hutaja injini za magari, kwamba zina alumini na hazifi. Injini hutumia kimiminika chenye dawa nyingi kinachobadilishwa kwa ratiba, na rejeta za magari ya sasa mara nyingi ni za alumini pia. Usichukue maji ya rejeta ya gari ukayatia kwenye kompyuta. Ni mazito, hubeba joto kidogo kuliko maji, mengi yana glikoli yenye sumu, na mabomba ya akriliki na pete za mpira za kompyuta hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Unaweza kujenga mzunguko wa alumini tupu, kila kipande alumini, na ukakaa salama. Ila kwako haiwezekani tena, kwa sababu bloku ulizonunua ni za shaba, na viungio vingi vya sokoni ni shaba njano iliyopakwa nikeli au kromu. Chagua familia moja ubaki nayo. Yako ni shaba.

Usiiondoe rejeta ya alumini ukaacha nafasi wazi. Ukitaka feni zizunguke taratibu bila kelele, kadiria kama wati 100 kwa kila nafasi ya feni ya milimita 120. Rejeta moja ya feni tatu ni wati 300 hivi. Prosesa na kadi yako wakiwa kazini watakaribia 500 au kuvuka. Itapooza, ila kwa kelele. Tafuta rejeta ya pili ya shaba. Na usimwamini mtu kwa mdomo kuhusu metali. Sumaku haitakusaidia, kwa sababu haivuti shaba wala alumini. Pia usiangalie tundu la kufungia peke yake, maana rejeta ya alumini inaweza kuwa na hesi ya shaba njano iliyopachikwa, na hapo ndipo wengi wanadanganyika. Kwangua rangi kidogo kwenye pezi moja la pembeni na kwenye tangi dogo la mwisho wa rejeta yenyewe, mahali pasipoonekana. Wekundu au unjano ni shaba. Ukiona weupe unaong'aa kama fedha, na kipande ni chepesi mkononi kuliko ulivyotarajia, hiyo ni alumini hata kama boksi limeandikwa vinginevyo.

Rejeta mpya ya shaba nayo ioshe kabla ya kuifunga. Ndani huwa kuna mabaki ya dawa ya kulehemu na chembe za kiwandani. Ijaze nusu maji yaliyotoneshwa ya uvuguvugu, ziba matundu, itikise dakika kadhaa, mwaga kwenye beseni jeupe uone kinachotoka. Rudia mpaka maji yatoke safi. Usitie tindikali wala siki kali unayoshauriwa na mtu asiyejua bloku yako imepakwa nini, kwa sababu nikeli ikishabanduka hairudi.

Kuhusu maji kupitisha umeme. Maji safi kabisa ni mpitishaji hafifu mno, hilo ni kweli. Lakini yakishazunguka siku kadhaa yameokota ioni kutoka kwenye shaba, kwenye solda, kwenye mipira na vidoleni mwako ulipokuwa unafunga. Na tone likidondoka kwenye ubao mama linakutana na vumbi na chumvi zilizotua hapo. Kinachopiga shoti kwenye saketi ni mchanganyiko huo, na yale maji ya kwenye chupa hayapo tena. Mtu anayekuambia usijali kuvuja kwa sababu umetumia maji yaliyotoneshwa anakufundisha kuruka hatua ambayo ndiyo kinga yako pekee.

Hatua yenyewe ni hii. Funga mzunguko wote, kisha chomoa nyaya zote za umeme za ubao mama, za kadi na za diski. Pawa saplai ibaki imeunganishwa na pampu peke yake. Kwenye plagi kubwa ya pini 24, unganisha pini ya 16, ambayo kwa kawaida waya wake ni wa kijani, na pini yoyote ya waya mweusi. Pawa saplai itawaka bila ubao mama. Kama nyaya zako zote ni nyeusi, hesabu pini kwa mchoro wa pawa saplai yako, usikisie. Tandaza karatasi laini nyeupe chini ya kila kiungio. Jaza tangi, washa pampu sekunde chache, zima, jaza tena, hadi hewa iishe. Halafu iache izunguke saa 24. Karatasi ikipata doa hata dogo kama kichwa cha pini, tafuta chanzo chake, usiifute ukaendelea. Mara nyingi ni pete ya mpira iliyokaa upande au bomba lililokatwa mshazari.

Hukuniuliza kimiminika cha rangi, lakini najua kitafuata. Vile vinavyofanana na maziwa vina chembe ngumu zinazoelea, na chembe hizo hutua na kuziba mifereji ile ile niliyokueleza. Vinapendeza kwenye picha, na wanaovionyesha mara nyingi huvimwaga picha ikishapigwa. Mashine ya kuchezea kila siku itie kimiminika angavu kilichotengenezwa kwa ajili ya shaba na nikeli, na ukibadilishe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Rangi ukiitaka, nunua mabomba ya rangi. Na mtu akikuambia utumbukize kipande cha fedha kuua mwani, kumbuka bloku zako ni za nikeli, na fedha kwa nikeli ni ugomvi mwingine wa metali.

Rejeta ya alumini irudishe sasa, ikiwa kavu, kabla tone la kwanza la maji halijaingia ndani yake. Ikishalowa hakuna muuzaji atakayeipokea. Na huyo wako, ukifika, muombe akuandikie kwenye risiti metali ya ndani ya ile atakayokubadilishia.