Kusahau dawa za presha na sukari: alamu peke yake haitoshi

Pole mkuu. Umesema una miaka 46, miezi mitatu sasa uko kwenye dawa ya presha na ya sukari, unatoka home alfajiri unarudi usiku, alamu umeweka ila bado unaruka siku mbili tatu kwa wiki, na unauliza kama umkabidhi wife kazi ya kukukumbusha. Mi nina 52, presha ninayo mwaka wa tisa huu, hayo yote nimeyapitia.

Shida ya alamu ni kwamba inalia ulipo wewe, sio zilipo dawa. Inalia uko kwenye kikao au unaendesha, unaizima unasema nikitoka hapa nameza, ukitoka hapo ushapigiwa simu nyingine na habari imeishia hapo. Baada ya mwezi mkono unaizima wenyewe hata macho hujafungua.

Kilichonisaidia ni kuifunga dawa kwenye kitu nisichokisahau hata nikiwa naumwa, na kwangu ni mswaki. Sasa bafuni kuna unyevu, dawa hazitakiwi kukaa huko, kwa hiyo badala ya kupeleka dawa bafuni nikauhamishia mswaki chumbani, unalala juu ya boksi la dawa, siwezi kuushika bila kuligusa boksi. Wife alicheka eti mswaki umekuwa mpangaji. Hiyo ya sukari kama ni metformin imeze na chakula, ukiimeza tumbo tupu inaweza kulivuruga, so yenyewe ifunge kwenye kula. Na sio kila dawa iko hivyo, ya tezi la shingo mfano levothyroxine inataka tumbo tupu kabisa, muulize mfamasia kila moja inataka nini kabla hujapanga.

Halafu kuna kitu kibaya kuliko kusahau, ni kutojua kama umemeza au hujameza. Siku moja nimesimama na pakiti mkononi, nahesabu vishimo vilivyotoboka, nasikilizia ulimi kama una uchungu wa kidonge, sijui hata pakiti niliianza siku gani. Nikasema ngoja nimeze tu. Mchana nainuka kwenye kiti kizunguzungu kikanirudisha chini, nadhani asubuhi ile nilikuwa nimeshameza. Toka hapo natumia kile kiboksi chenye vyumba saba vya siku za wiki. Jumatano pako wazi basi nimemeza, hakuna mjadala. Kama huna, andika siku kwa kalamu nyuma ya pakiti, inafanya kazi ileile, na kuna vidonge havitakiwi kutolewa kwenye karatasi yake mpaka wakati wa kumeza, hapo pia uliza kwanza.

Kiboksi nakijaza Jumapili usiku na hapo ndo naona dawa zinaelekea kuisha. Nikija kujichunguza vizuri, siku nyingi nilizoruka sikusahau chochote, dawa ziliisha nikawa nasema kesho nitapitia kuchukua, hiyo kesho ikaja kuwa wiki.

Ukisahau na ukakumbuka siku hiyohiyo kwa kawaida unameza, ukiwa karibu na dozi inayofuata unaiacha iliyopita, ila usimeze mbili kwa mpigo ili kufidia. Maelekezo ya dawa yako ndo yanatawala lakini. Amlodipine, dawa ya presha, inakaa mwilini muda mrefu, kuruka siku moja hakukuangushi sana, ila za presha za jamii ya atenolol kuziacha ghafla ni hatari kwa moyo, usizichezee.

Na daktari mwambie ukweli. Mi nilikuwa namdanganya, anapima presha iko juu, anaongeza dozi, kumbe tatizo nilikuwa nameza siku moja naruka nyingine. Nilipoanza kumeza sawasawa na dozi ile kubwa presha ikashuka mpaka nikawa naona giza. Wala usione aibu, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2003 ilisema hata kwenye nchi zilizoendelea wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata dawa inavyotakiwa ni kama 50% tu. Muulize pia kama unaweza kupata za kumeza mara moja kwa siku, au kidonge kimoja kilichounganisha dawa mbili, vipo.

Kuhusu wife, kukuuliza "umemeza?" kila asubuhi sikushauri, kwetu ilileta maneno, nikawa najibu nimemeza huku sijameza, mtu mzima na ndevu zangu. Siku hizi haulizi. Anachungulia kiboksi, akikuta chumba cha siku hiyo bado kina vidonge na mi nataka kutoka, anakitumbukiza kiboksi ndani ya kiatu changu kimoja, anaenda zake.