Jibu: Mlima wa wastani wakati barabara imefungwa na theluji

Ndugu, umeuliza uchagueje mlima wa ugumu wa wastani majira ya baridi, barabara nyingi zikiwa zimefungwa. Anza na barabara yenyewe. Pima kwenye ramani kuanzia pale gari linapoishia: kilomita 8 za ziada ni 16 kwenda na kurudi, na mguu ukizama hadi gotini kila hatua, giza litakukuta njiani. Bora kilima kifupi kilicho karibu na barabara inayosafishwa. Kisha tazama mwinuko. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45, kwa hiyo mimi ningefuata mgongo wa mlima, nisipite hata chini ya miteremko hiyo. Na tafadhali, soma tahadhari ya maporomoko asubuhi ileile. Ya jana haitoshi.