Tone la damu juu ya polima: majibu kwa wasomaji wetu

Wataalamu wakisema uso wa polima (plastiki, silikoni na kadhalika) "unapenda maji", huwa wamepima nini?

Huwa wamepima pembe ya mguso, yaani pembe ambayo ukingo wa tone hufanya pale unapokutana na uso, ikisomwa kwa ndani ya tone. Pembe ikiwa chini ya nyuzi 90, uso huhesabiwa kuwa unapenda maji; tone likijiviringa kama linavyojiviringa juu ya jani la magimbi, pembe huweza kuvuka nyuzi 150.

Kwa nini stripu ya kupimia sukari hunyonya damu yenyewe?

Kwa sababu mfereji wake mwembamba umefunikwa kwa utando wa plastiki uliopakwa dawa inayopenda maji. Bila mpako huo, damu ingesimama mlangoni na isingekifikia kimeng'enya, yaani protini inayoitikia sukari, kilichopo juu ya elektrodi, yaani kipande kinachopokea ishara ya umeme.

Chuoni tulitengeneza mifereji ya silikoni ya PDMS, tukaipitishia plazima ya oksijeni (gesi iliyochajiwa umeme, si plazima ya damu), na maji yakaingia vizuri. Baada ya siku chache yakakataa. Tulikosea wapi?

Hamkukosea, hiyo ndiyo tabia ya silikoni, na imewasumbua wengi. PDMS ya kawaida ina pembe ya nyuzi 105 hadi 110 hivi. Plazima huondoa vikundi vya methili usoni na kuacha vikundi vyenye oksijeni na hidrojeni, ambavyo huvuta maji. Lakini ndani ya silikoni mna minyororo mifupi ambayo haikufungamana, nayo hupanda polepole hadi juu na kuufunika uso mpya. Kuhifadhi kifaa ndani ya maji huchelewesha jambo hilo, na kuiosha minyororo hiyo kwa kiyeyushi kabla ya plazima husaidia zaidi. Ninachopendelea mimi ni kuufungamanisha uso kikemia na polietilini glikoli, polima inayopenda maji na kuzuia protini kunata, mara tu baada ya plazima, kwa kuwa mpako uliolala juu tu bila kufungamana huoshwa na sampuli. Pembe, nawasihi, ipimwe siku ya kutumia kifaa, si siku ya plazima peke yake.

Je, uso unaopenda maji zaidi ndio bora daima?

Hapana. Sahani za plastiki ya polistirini za ELISA, kipimo cha maabara kinachotumia kingamwili kutambua kitu kinachotafutwa, hushika kingamwili kwa sababu, miongoni mwa mengine, protini hunata kwa urahisi kwenye uso usiopenda maji. Unato huohuo ukitokea nje ya sehemu ya utambuzi, yaani sehemu ya kifaa inayonasa kitu kinachopimwa, protini zisizohusika hujazana na kufunika ishara tunayoitafuta, ndiyo maana eneo la pembeni hupakwa polietilini glikoli. Tena damu si maji matupu: protini zake hupunguza mvutano wa uso wa kimiminika, hivyo mpako uliojaribiwa kwa maji safi pekee ujaribiwe tena kwa seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, kabla ya kifaa kuaminiwa.