Riwaya ya udugu na haki: usimpe mhusika pa kujificha

Miswada mingi ya aina hii huharibika mapema kwa sababu mwandishi amemchagua mtu asiyelazimika kuamua kati ya ndugu na haki. Mfano uliozoeleka ni mke anayejua kuwa mumewe kaua. Kwa sheria za Kenya, mke huyo ana pa kupitia. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu upande wa mashtaka kumlazimisha mwenzi kutoa ushahidi katika makosa machache tu, kama ya kingono au yaliyomdhuru yeye au watoto wao. Kifungu cha 396 cha Kanuni ya Adhabu nacho hakimhesabu mke kuwa mshirika kwa kumficha mumewe.

Mama hana kinga hiyo, wala kaka. Dada aliyefua kanzu yenye damu ili nduguye asikamatwe anaweza kushtakiwa mwenyewe. Basi mwachie huyo dada riwaya.

Kisha amua kesi ni ya nini kabla hujaandika neno. Mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, si hakimu wala kadhi. Ukiipeleka kesi Malindi, shahidi kutoka Amu (kisiwa cha Lamu) atavuka kwa boti hadi Mokowe, halafu basi kupitia Witu na Garsen, na huenda mama wa mshtakiwa kakaa kiti cha nyuma yake. Sura hiyo usiiruke, ina mengi kuliko kizimba. Wazee wa mtaa waache wajaribu sulhu kwa nia safi, ila msomaji ajue kwamba kesi ya mauaji hawawezi kuifunga wao: mlalamikaji ni Jamhuri.

Mirathi, kwa maoni yetu, ina utajiri zaidi na waandishi wanaipuuza. Tuseme baba kaacha mjane, wana wawili na binti mmoja, na mali ya shilingi 4,000,000 baada ya madeni. Kwa mirathi ya Kiislamu mafungu ni 40: mjane 5, kila mwana 14, binti 7. Kaka mkubwa akificha shamba la Mokowe lenye thamani ya 1,200,000 kwa hati ya kughushi, binti anapoteza 210,000. Mama anayemsihi anyamaze naye anaibiwa 150,000, na anajua. Kadhi anaweza kugawa urithi, lakini kughushi si kazi yake, na hati hiyo ikishawekwa mezani polisi wanaweza kuitaka. Binti anataka fungu lake, hataki kaka afungwe, na hawezi kupata la kwanza bila kuhatarisha la pili. Hapo mgogoro unajiendesha wenyewe.

Udugu nao uwe na hesabu. Kusema "anampenda kaka yake" hakumbani mtu. Andika pembeni madeni matatu: nani alilipa karo, nani aliuza mashua mama alipolazwa, nani alichapwa kwa kosa la mwenzake. Kila deni lidaiwe katika sura yake, tena na mtu tofauti. Ukiyamwaga yote kwenye kikao kimoja cha familia, msomaji anasikia wakili akihutubia.

Aliyedhulumiwa mara nyingi ni mgeni asiye na uso. Msogeze karibu. Mkomani, mtaa wa kale wa Amu, nyumba zimebanana na nyingine zimeunganishwa kwa wikio juu ya kichochoro. Mweke mjane wa aliyeuawa upande wa pili wa wikio hilo, awe yule aliyekuwa akileta mkate wa mofa.

Aya ya 135 ya Surat An-Nisaa, inayoamuru ushahidi wa haki hata dhidi ya wazazi na jamaa, hutumiwa vibaya. Ikitoka kwa imamu ni hotuba. Itoke kwa mama, aliyemfundisha binti aya hiyo, na ambaye kwingine hujibu "mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe". Wala mama wa Kiamu hasemi "usimshtaki nduguyo". Anasema, "Chakula cha nduguyo nimekifunika, mpelekee," na binti ameelewa.

Ushahidi utolewe kwenye theluthi ya pili ya kitabu, usiungoje ukurasa wa mwisho. Theluthi iliyobaki ni ya nyumbani: Idi ya kwanza baada ya hukumu, nani anapelekewa sahani, nani hakualikwa harusini. Hizo sura zipe kurasa nyingi kuliko mahakama.